Filamu ya Mtoto Asiyelia

Jumatatu, 8 Septemba
Muhula umefunguliwa na mvua imefunguliwa, vyote siku moja. Mimi niko mahali pangu, meza ya mifuko, mlangoni mwa maktaba ya chuo cha wakunga hapa Kasese mjini. Mwanafunzi ananipa mfuko, nampa kibao chenye namba. Akitoka ananipa kibao, nampa mfuko. Kazi hii ingeweza kufanywa na msumari ukutani, ila msumari hausalimii watu.

Daftari hili lilisahauliwa na mwanafunzi mwaka jana. Kurasa tatu za mwanzo zina mifupa ya nyonga, nimeziacha kama zilivyo. Naandika kwa Kiswahili nilichookota Beni, kule Kongo, nikiwa kijana, kwa sababu mke wangu Kabugho anasoma Lhukonzo tu na mkuu wa chuo anasoma Kiingereza tu. Nina amani pande zote mbili.

Jumatano, 10 Septemba
Madam Sylivia, mkutubi wetu, ametangaza kwamba maktaba imepata filamu. Nikaangalia kama kuna sanduku. Hakuna.

"Ziko kwa mtandao, Muzee," akasema. "Kampuni ya ng'ambo inatupa ruhusa. Mwanafunzi anafungua, anaangalia, anafunga."

"Akishafunga, inabaki kwetu?"

"Haibaki."

"Kwa hiyo tumepata kitu ambacho hatuna."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Ana miaka thelathini na miwili na anapenda sheria kuliko chai. Akanieleza vizuri. Muhula huu ni wa majaribio. Kampuni inahesabu kila mara filamu inapofunguliwa. Mwisho wa Novemba wataleta jumla, na mkuu wa chuo amesema isipofika mia tatu, filamu zinaondoka.

Zamani kitabu kikikosa msomaji kilikaa tu pale juu kikala vumbi, hakuna aliyekifukuza.

Ijumaa, 12 Septemba
Mvua.

Jumanne, 16 Septemba
Leo filamu ya kwanza. Wasichana wa mwaka wa pili, thelathini na wanane, wamejazana mbele ya kompyuta moja iliyo karibu na dirisha, maana mtandao wetu unapenda dirisha. Sylivia aliwaambia kila mmoja anaweza kufungua kwenye simu yake. Wakamtazama kama mtu aliyewaambia kila mmoja apike chungu chake. Bando la nani? Na nani anaangalia filamu peke yake, ana ugomvi na watu?

Filamu yenyewe ni ya mtoto aliyezaliwa akakataa kulia. Dakika kumi na moja. Kwanza unaona mikono ya mkunga inafanya kazi, halafu daktari mzungu mwenye miwani anaongea, halafu mikono, halafu daktari tena. Mikono kila mtu aliielewa. Daktari alipoanza kuongea, wasichana wakaanza kuangalia kucha zao.

Mmoja hakuangalia kucha. Anaitwa Benedicte, mtoto wa Beni, mrefu, mkimya, mashavu hayajazoea kucheka. Alisoma kwa Kifaransa tangu utoto na Kiingereza kinampita juu ya kichwa kama ndege ya watalii wa Mweya. Muhula uliopita alianguka mtihani wa vitendo, huu huu wa mtoto asiyelia. Atarudia tarehe 4 Desemba. Akianguka tena chuo kinamtoa. Hapa mpakani ana shangazi anayeuza samaki Mpondwe, na nyumba ya shangazi imejaa tayari; Beni walikotoka nyumba ilichomwa. Haya yote aliniambia mwezi wa tano akisubiri mfuko wake, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Hanifah, ambaye mdomo wake hauna mlango, akaniita: "Muzee Syahuka, si wewe ulikuwa unatafsiri filamu kule Bwera? Kuja utusaidie, huyu mzungu anatumalizia siku!"

Kweli ni mimi. Miaka kumi na minane nilikuwa na kibanda cha video Bwera, mabenchi ya mbao, pazia la gunia na kipaza sauti. Filamu za Kichina na za Kihindi zote ziliongea kwa mdomo wangu. Kichina sijui. Kihindi sijui. Watu walilia palipotakiwa kuliliwa.

Kiingereza nacho nilifika darasa la tano, kwa hiyo daktari huyu ni ndugu ukimlinganisha na Wachina. Nikaacha mifuko nikasimama kando ya kompyuta. Mikono ilipokausha mtoto nikasema kausha. Iliposugua mgongo nikasema sugua. Ilipoweka kifuniko usoni na kubana mpira wa pumzi, nikabana na mimi hewani. Daktari alipoongea sana, nikajaza, maana ukimya unaua filamu.

Walipiga makofi. Benedicte aliandika kila neno.

Jumatano, 1 Oktoba
Filamu imefunguliwa mara moja. Mifuko mezani kwangu, 38.

Alhamisi, 2 Oktoba
Mara moja. Mifuko 38. Viatu vya wasichana vimeleta nusu ya matope ya Munkunyu ndani ya maktaba.

Jumanne, 7 Oktoba
Mara moja. Mifuko 35. Watatu wana malaria.

Jumatatu, 13 Oktoba
Sylivia amenionyesha hesabu ya kampuni. Tangu mwanzo wa muhula, filamu zote pamoja zimefunguliwa mara arobaini na moja.

"Uongo," nikasema. "Hapa kila siku wako thelathini na nane."

"Mashine haihesabu kichwa, Muzee. Inahesabu kufungua."

"Basi haijawahi kufika Bwera. Kwangu hata aliyechungulia pazia alihesabiwa."

Hakucheka. Akawaita wasichana, akawaomba kila mmoja afungue peke yake walau mara moja kwa wiki, akaapa atawapa mtandao wa ofisi. Wakaitikia "yes, Madam" kama kwaya. Benedicte ndiye aliyesema ukweli: "Madam, mi siwezi kuangalia mutoto anakataa kupumua niko peke yangu ku simu. Tuko wengi, inakuwa masomo. Nikiwa peke, inakuwa tu mutoto."

Nilidhani Sylivia atatoa sheria. Hakutoa.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mkuu wa chuo, Bwana Mumbere, amepita. Aliwahi kuwa jeshini, na hata akiomba chumvi anaamuru.

"Syahuka! Simama! Hizi filamu zinaangaliwa?"

"Sana, afande."

"Karatasi inasema hapana."

"Karatasi haikai hapa mlangoni, afande."

Akaenda zake. Ana mgongo mpana, viboko wa kule ziwani wangemwonea wivu. Hesabu imefika sitini na nane.

Jumatano, 5 Novemba
Sylivia yuko Mbarara kwenye mafunzo tangu juzi. Aliniachia ufunguo na kompyuta ya dirishani ikiwa wazi, ili wasichana wasikose.

Nimeona ni ujinga filamu ziondoke kwa sababu mashine haijui kuhesabu. Nikaisaidia. Jumatatu, mara sabini. Jana, mara themanini na moja. Leo hamsini na nane, kidole kimechoka. Unafungua, unasubiri mikono ianze kukausha, unafunga, unafungua tena. Jumla mia mbili na tisa. Ukiongeza zao, tumekaribia mia tatu na Novemba bado mbichi.

Mtoto huyu sasa namjua kuliko wajukuu zangu.

Jumatatu, 10 Novemba
Filamu hazifunguki. Zote. Kwenye kioo yameandikwa maneno mekundu. Sylivia ameyasoma mara mbili akiwa amesimama, mara ya tatu akiwa amekaa.

Kampuni inasema mtu mmoja, kompyuta moja, filamu moja, mara mia mbili na tisa kwa siku tatu. Wanadhani ni wezi wanaotaka kunakili filamu. Wamefunga chuo kizima hadi waelezwe.

"Muzee," akasema bila kuniangalia. "Wewe?"

"Nilikuwa nasaidia."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alichukua kalenda akahesabu kwa kidole hadi tarehe 4 Desemba. Siku ishirini na nne.

Jumatano, 12 Novemba
Leo naandika mengi.

Sylivia ni mtu wa akiba. Kabla filamu hazijafungwa alikuwa ametoa kwenye karatasi maneno yote ya yule daktari. Leo amewakusanya wasichana, akasema kama hakuna picha basi tutasoma, akaanza kusoma Kiingereza na kukigeuza Kiswahili taratibu. Mimi nilikuwa mezani nikipanga vibao, nikiwa mtu mdogo sana siku hizi.

Akasoma kukausha. Akasoma kutoa kitambaa kilicholowa na kuweka kikavu. Akasoma kusugua mgongo. Akaendelea kwenye mpira wa pumzi.

Benedicte akainua mkono. "Madam, umeruka."

"Nimeruka wapi?"

"Pale pa kumushika miguu. Kichwa inaangalia chini, unapiga makalio. Kisha ndiyo maji ya baridi, kidogo, ku kifua. Kisha ndiyo mupira."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wote. Hanifah akafungua daftari lake akaonyesha: ameandika namba nne, miguu juu, namba tano, maji baridi. Amepigia mstari kwa wino mwekundu.

Sylivia akarudi kwenye karatasi. Akasoma kimya. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, mahali ambapo daktari mwenye miwani anaongea muda mrefu. Daktari anasema: usimning'inize mtoto kichwa chini. Usimpige. Usimmwagie maji baridi. Haya yanaumiza mtoto na yanakula dakika ya kwanza, na dakika ya kwanza ndiyo yote.

"Nani amewafundisha hiyo nne na tano?" akauliza.

Vichwa thelathini na vinane vikageuka mlangoni.

Niseme nini? Pale daktari alikuwa anaongea tu, hakuna mikono. Nilishika neno "mtoto," nikashika neno "maji," nikashika "kichwa." Nikajaza. Nikajaza kwa yale niliyoona mama yangu mzazi akifanya, maana yeye ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wa kwetu, na mikono yake niliijua bila Kiingereza. Kesho yake nikarudia, na kesho kutwa, kila siku kwa maneno yale yale, mpaka wakayajua kama wimbo.

Nilitaka kufanya mzaha. Nilikuwa na mmoja tayari. Lakini Benedicte alikuwa ananitazama, hana hasira, ana kalamu mkononi, kama mtu anayesubiri nimwambie aandike nini.

"Muzee," akasema, "na nini ingine ulitunga?"

Nikafikiri. Nilifikiri kweli, mbele yao wote. Nikaona siwezi kutenganisha. Ya daktari na ya mama yangu na ya kwangu yamechanganyika kama unga.

"Sijui," nikasema. "Tungekuwa na filamu tungeangalia."

Hakuna aliyetoka. Mvua ilikuwa inapiga bati na wote wamekaa tu. Muhula uliopita Benedicte alianguka kwa kutojua. Sasa angeanguka kwa kujua, tena yale niliyomfundisha mimi, na filamu ya kumnusuru nimeifunga mwenyewe kwa kidole hiki.

Alhamisi, 13 Novemba
Mkuu wa chuo alinisikiliza amesimama dirishani. Nilimwambia yote, la kidole na la maji. Sylivia alisema kosa ni lake kwa sababu aliniachia kompyuta. Nikasema si lake. Akasema ni lake, imeandikwa kwenye kanuni za maktaba. Tukabishana mbele ya mtu mkubwa kama wake wenza.

"Nyamaza!" akasema Bwana Mumbere. "Syahuka, kaa mbali na kompyuta. Miezi sita. Madam, andika barua kwa kampuni. Weka jina la huyu mzee. Ukweli wote."

Barua tumeiandika mchana kutwa. Mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anageuza Kiingereza. Kila akimaliza sentensi namwuliza, "Hapo umeongeza?" Ananijibu, "Sikuongeza." Nimeuliza mara nyingi. Kila mara amenionyesha.

Mwishoni aliweka jambo lake mwenyewe: kwamba hapa kwetu filamu ikifunguliwa mara moja huangaliwa na watu thelathini na wanane, na ile hesabu yao si hesabu ya wasomaji.

Jumamosi, 15 Novemba
Niko nyumbani Bwera. Kibanda changu cha video siku hizi ni stoo ya maharage ya kanisa.

Nilimweleza Kabugho kisa chote, nikitegemea atacheka. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Akauliza, "Ulisema ni mama yako aliyekufundisha?"

"Ndiyo. Na watoto wengi walilia."

"Na wa kwanza wetu?"

Mwaka aliozaliwa, mto Lhubiriha ulipanda na hatukufika hospitali. Mama alimshika miguu, akampiga, akaita maji. Mimi ndiye niliyeleta maji. Yalikuwa ya mtoni, asubuhi, baridi sana. Nilikimbia nayo na nikajiona mwanaume.

Kabugho akaendelea na sombe lake.

Jumanne, 18 Novemba
Hakuna jibu. Mifuko 38. Wanakuja kukaa tu.

Ijumaa, 21 Novemba
Mto Nyamwamba umejaa mawe na kelele. Barabara ya Muhokya ilikatika tangu asubuhi, mtandao nao ukakatika tangu saa nne. Hakuna jibu, na lingekuja lisingefika.

Benedicte amefuta namba nne na tano kwenye daftari lake, lakini Hanifah ananiambia kwamba jana kwenye mazoezi, akiwa na mwanasesere wa mpira, mkono wake ulikwenda kwenye miguu wenyewe. Aliushika kwa mkono mwingine akaurudisha.

Jumatatu, 24 Novemba
Hakuna jibu. Sylivia amepiga simu ng'ambo kwa hela ya simu yake, ameongea dakika tisa akiwa amesimama kama yuko mbele ya hakimu. Nilikuwa namwona ni mtoto wa ofisi tu. Basi, nilikosea.

Jumatano, 26 Novemba
Jibu limefika. Kampuni imefuta mara zangu mia mbili na tisa. Imefungua filamu tena. Wanasema kumbe wana utaratibu wa kuangalia kwa kundi: mkutubi anaandika majina ya waliokaa, wanahesabu majina. Mwanamke aliyejibu ameuliza, pembeni kabisa, huyo mzee wa miaka sabini na moja alibonyeza kweli mwenyewe?

Nikamwambia Sylivia amjibu kwamba huyo mzee ana mkono wa kushoto pia.

"Simjibu hivyo," akasema. Lakini alicheka, na safari hii haikuwa ya adabu.

Alhamisi, 27 Novemba
Tumeangalia. Kwanza mara moja bila mtu kusema neno. Niliwekwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na fagio. Dakika kumi na moja nimefunga mdomo. Mke wangu asingeamini. Niliona mambo ambayo mara mia mbili na tisa sikuyaona. Mkunga anaangalia kifua cha mtoto, si uso wake. Kifua kisipopanda anarekebisha kichwa kwanza, ndipo anabana mpira. Mimi nilikuwa nasema abane kwa nguvu. Hiyo ni ya tatu niliyotunga. Nikainua mkono nikawaambia, wakaifuta.

Halafu Sylivia akasema ifunguliwe tena, na Benedicte asimame kando ya kompyuta aeleze. Karatasi ya daktari mkononi, imejaa maneno madogo ya penseli. Hana kipaji. Sauti ndogo, hakuna mbwembwe, pale nilipokuwa napandisha watu pumzi yeye anasema tu kama anataja bei. "Sasa anakausha. Sasa anatoa kitambaa ya maji. Hapa daktari anasema, usimupige." Daktari aliponyamaza, naye akanyamaza. Ukimya ukakaa pale na filamu haikufa.

Majina yaliyoandikwa: thelathini na tisa. Sylivia ameniandika na mimi.

Jumatatu, 1 Desemba
Tangu Alhamisi wameangalia kila siku, mara mbili mbili, na jumla ya majina na ya kufungua imepita mia tatu bila kidole changu. Bwana Mumbere ametia sahihi filamu zikae hadi Juni. Alinipita mlangoni akasema, "Syahuka, miezi sita bado," akaenda.

Benedicte hajauliza habari za Juni. Anasugua mgongo wa mwanasesere.

Alhamisi, 4 Desemba
Mfuko wa Benedicte, kibao namba 12. Alitoka kwenye mtihani kwa mlango wa pili akaenda moja kwa moja stendi, kupanda gari la Mpondwe. Mfuko uko hapa na mimi.

Jumatatu, 8 Desemba
Matokeo yamebandikwa. Amepita.

Alikuja kuchukua mfuko saa tano, mvua imeacha. Sikumpa. Nikasema kwanza anieleze.

Akaeleza kwa ile sauti yake ya orodha. Walimpa mwanasesere, wakaanza kuhesabu dakika. Alikausha, akabadilisha kitambaa, akasugua. Mkono haukwenda kwenye miguu. Akaweka kifuniko usoni, akabana, mtahini akasema kifua hakipandi. Akarekebisha kichwa, akabana tena, kikapanda. Hapo mtahini, mama mnene aliyetoka Fort Portal, akamwekea mtego wa mwisho. Akasema: mimi ndiye mama mkwe wa huyu mzazi, nimeingia, nimebeba maji baridi, nataka kummwagia mtoto. Unanifanya nini?

"Ukamfukuza," nikasema.

"Hapana, muzee. Nilimwambia: Mama, weka maji chini, kamata hii kitambaa kikavu, unisaidie kumupangusa."

Nikamwangalia. Hilo halimo kwenye filamu. Halimo kwenye karatasi ya daktari. Sikulisema mimi wala mama yangu.

"Umelitoa wapi?"

"Kwako." Akachukua mfuko wake mezani mwenyewe, akauvaa begani. "Nilikuona wewe pale. Wewe hauna roho mubaya, muzee. Ila ukikosa kazi, unaharibu."

Nilicheka mpaka Sylivia akachungulia. Kisha nikamwuliza Benedicte yule mtahini alifanya nini.

"Alinyoosha mikono," akasema. "Akakamata kitambaa. Tukapangusa sisi wawili."